Mstari Kwenye Jeli: Una Malaria au Huna?

Ukipimwa malaria hospitalini, damu yako hutazamwa kwa darubini au kwa kipimo cha haraka. Lakini watafiti hutafuta DNA ya viini vyenyewe. Kipande chake huzalishwa kwa wingi kwa njia ya PCR, hutiwa katika kishimo cha jeli, kisha umeme hupitishwa. DNA huvutwa kuelekea upande chanya, vipande vifupi vikienda mbali kuliko virefu, na mwishowe huonekana mistari.

Mstari wako ni wa nini? Hapo huhitajika "ngazi", yaani vipande vyenye urefu unaojulikana, vinavyopitishwa kando ya sampuli yako. Urefu wa DNA huhesabiwa kwa jozi. Katika kipimo kimoja kilichochapishwa mwaka 1993, Plasmodium falciparum, kiini cha malaria nyingi nchini Kenya, huonyesha kipande cha jozi 205, P. malariae, 144.

Usiridhike bado. Uliza habari za kishimo cha maji. Maji safi hufanyiwa yote iliyofanyiwa damu yako. Mstari ukitokea humo, basi DNA imeingia kutoka kwingine, labda kwenye glavu, labda sampuli ya jirani. Jibu la "una malaria" halifai, hata likipigwa muhuri.

Kishimo kingine huwekwa DNA ya malaria iliyokwisha kuthibitishwa. Isipoonyesha mstari, kipimo chenyewe kimekwama, na "huna malaria" ni jibu la hatari zaidi, kwani falciparum isiyotibiwa huua. Hapo kazi hurudiwa tangu PCR.