Simba wa Kenya na Tope la Ziwani Kwetu

Huku Texas, wapenzi wa magari wakikumbuka madereva wa zamani, hawakawii kumtaja Carroll Shelby, mfuga kuku wa hapa aliyeshinda mbio za Le Mans mwaka 1959. Nampa heshima yake. Lakini sisi wa Migori na Homa Bay tuna jirani yetu, Joginder Singh, dereva wa mbio za magari za Safari, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932. Watoto wetu waliozaliwa ughaibuni hawamjui, na hilo linaniuma.

Kumwelewa Joginder, anza na mbio zenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Eric Cecil wa Nairobi alikuwa akimshawishi binamu yake, Neil Vincent, ashiriki mashindano ya magari. Vincent alikataa, kuzunguka uwanja mmoja kulimchosha, yeye alitaka safari ndefu. Wazo la kwanza likawa kulizunguka Ziwa Victoria. Na ukitoka Kisumu kwenda Musoma na Mwanza kwa gari, utatupitia tu! Wazo hilo liliachwa kwa sababu barabara za ziwani hazikupitika wakati wa mvua. Mashindano ya kwanza ya Safari yalifanyika mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakapita kwingine Kenya, Uganda na Tanganyika.

Aliyekwama Ndhiwa, huko kwetu Homa Bay, mwezi wa Aprili hatashangaa. Udongo ule mweusi ukilowa hujaa kwenye madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka.

Hata hivyo tope halikukwepeka, kwani baadaye Safari ilikuja kuwa ya Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena. Mbio za namna hiyo zilimtaka mtu anayesikia gari linapoanza kuumwa, na Joginder alikulia kwenye gereji ya babake, spana mkononi. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumiwa na wengine. Mwaka 1974, akiwa na Mitsubishi Lancer, alimpiku Björn Waldegård wa Uswidi aliyeendesha Porsche. Mwaka 1976 akashinda tena. Wakenya wakamwita Simba.

Ushindi huo mara tatu ndio unaoandikwa sana. Mimi nashikilia hesabu nyingine: katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19. Wenye magari ya kifahari waliachwa njiani wakisubiri kuvutwa, yeye akifika, mwaka baada ya mwaka, kwa kulitunza gari kama mkulima anavyomtunza ng'ombe wake wa jembe.

Alifariki London, Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Tukirudi nyumbani Desemba, nitawasimamisha wanangu kwenye daraja la mto Migori, niwaambie kuwa mbio zile zilikusudiwa kupita hapa.