Bahasha, Sahihi na Mkia wa Karatasi ya Kura

Kura ya posta ni kura ambayo mpigakura huijaza nje ya kituo, mara nyingi nyumbani kwake, kisha huirejesha kwa wasimamizi wa uchaguzi kabla ya muda uliowekwa kwisha. Nchini Marekani utaratibu huu ulipata nguvu wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, pale majimbo kadhaa ya Kaskazini yalipobadili sheria ili askari waliokuwa vitani washiriki katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1864, na tangu hapo kila jimbo limejiwekea masharti yake. Texas huiruhusu kwa makundi maalumu tu, wakiwamo waliotimiza umri wa miaka 65, wagonjwa na watakaokuwa nje ya kaunti yao. Oregon, ambako wananchi waliupitisha mfumo wa posta kwa kura yao wenyewe mwaka 1998, humpelekea mpigakura aliyeandikishwa karatasi yake bila kumwuliza sababu.

Utaratibu huo hautofautiani tu na upigaji kura wa kituoni, bali pia na ule wa Wakenya waishio ng'ambo, ambao tangu mwaka 2013 wameweza kumchagua rais peke yake, tena kwa kufika wenyewe katika vituo vilivyofunguliwa kwenye baadhi ya balozi. Karatasi ya Mmarekani hubeba mengi zaidi, kwa kuwa chini ya jina la rais hufuata wabunge, majaji, mkuu wa polisi wa kaunti aitwaye sherifu, wajumbe wa bodi ya shule, na maswali ya kujibiwa kwa ndiyo au hapana.

Nyumbani hakuna karani mwongozaji, hivyo mpigakura hana budi kujisimamia. Katika baadhi ya majimbo karatasi iliyojazwa hutiwa katika bahasha ya siri isiyo na jina, nayo bahasha hiyo huingizwa katika nyingine ya nje, ambayo mpigakura huitia sahihi. Katika majimbo mengi sahihi hiyo hulinganishwa na ile iliyomo katika kumbukumbu za uandikishaji, na ikikubalika ndipo karatasi hutenganishwa na jina la mwenyewe na kuhesabiwa. Kosa dogo laweza kuiangusha kura nzima: mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania iliamua kwamba kura iliyorejeshwa bila bahasha ya siri haihesabiwi, hata kama karatasi yenyewe imejazwa sawasawa.

Faida ya taabu hiyo ni muda, na muda huo una thamani kubwa zaidi katika mkia wa karatasi, yaani nafasi za chini ambazo wapigakura wengi huziacha wazi kwa kutowajua wagombea. Chaguzi nyingi za mitaa hazionyeshi chama cha mgombea, kwa hiyo kigezo kilichozoeleka hutoweka, na swali la kwanza linakuwa ni mamlaka gani hasa yanayogombewa. Bodi ya shule hupitisha bajeti na kumwajiri msimamizi wa shule za eneo lake, ilhali mwendesha mashtaka wa kaunti huamua nani ashtakiwe na kwa kosa lipi. Anayeyafahamu majukumu hayo huweza kuzipima ahadi za wagombea, na kuzitenga zile ambazo cheo chenyewe hakiwezi kuzitimiza.

Kura ya maoni, yaani yale maswali ya ndiyo au hapana, ambayo hapa si mchujo wa wagombea ndani ya chama kama neno hilo litumikavyo pia Tanzania, hudai uangalifu wa namna nyingine. California iliipokea mwaka 1911, ikawapa wananchi uwezo wa kukusanya sahihi ili kupendekeza sheria mpya au kusimamisha sheria iliyopitishwa na bunge la jimbo. Pendekezo Namba 13 la mwaka 1978 liliweka kikomo cha kodi ya ardhi na majengo kuwa asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, na kikomo hicho kingali kinabana mapato ya serikali za mitaa hadi leo. Mwaka 2020, Pendekezo Namba 25 liliwauliza wananchi kama sheria iliyofuta dhamana ya fedha taslimu ibaki, hivyo aliyetaka dhamana hiyo iendelee alipaswa kujibu hapana. Ndiyo maana kijitabu cha wapigakura, ambacho katika majimbo kama California na Oregon hueleza maana ya kila jibu pamoja na hoja za pande zote mbili, hufaa kusomwa kabla ya kushika kalamu.

Uzito wa alama moja ulidhihirika Virginia mwaka 2017, wakati wagombea wawili wa kiti cha bunge la jimbo walipofungana kwa kura 11,608 kila mmoja, baada ya majaji kuikubali karatasi iliyotiwa alama kwa wote wawili na kuchorwa mstari juu ya alama moja. Januari 2018 majina yalitiwa bakulini, moja likachomolewa, na chama cha mshindi kikabaki na viti 51 kati ya 100. Aliyeijaza karatasi ile angeweza kuomba nyingine kabla ya kuikabidhi.