Je, Bangi Haina Madhara?

Leo ninataka tuzungumze juu ya jambo ambalo makanisani mwetu hulitaja kwa sauti ya chini, nalo ni bangi.

Miaka michache iliyopita, Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa ushirika wetu alinisubiri nyuma ya kanisa mpaka watu wote wakaondoka. Alikuwa amefunga kitu ndani ya leso. Alipoifungua niliona misokoto miwili ya bangi. Aliipata katika mfuko wa suruali ya mwanawe wa kidato cha tatu, alipokuwa akifua nguo. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mchungaji, kijana ananiambia kwamba huu ni mmea kama sukuma wiki. Anasema ng'ambo madaktari huwapa wagonjwa, na watu huinunua dukani bila kushikwa. Je, ananidanganya?"

Zamani ningalimjibu palepale. Nilizoea kusimama mbele ya vijana na kuwaambia kwamba anayevuta bangi mara moja tu, akili zake zimekwisha. Kisha siku moja kijana mmoja akanifuata nje, akaniambia kwa heshima, "Mchungaji, mimi nimevuta, na rafiki zangu wamevuta, na mitihani tunapita. Basi, na yale mengine unayotufundisha, nayo ni ya namna hiyo?" Sikuwa na neno la kumjibu, wala hakurudi tena katika mkutano wa vijana. Kwa hiyo nilimwomba yule mama anipe mpaka Jumatano, aje pamoja na mwanawe. Nikaenda kumwuliza daktari, nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, kijana hakudanganya aliposema kwamba nchi nyingine zimeiruhusu. Uruguay ilikuwa ya kwanza duniani, mwaka 2013. Huko Marekani wananchi wa majimbo ya Colorado na Washington walipiga kura mwaka 2012, na maduka ya Colorado yakafunguliwa Januari 2014. Canada ilifuata mwaka 2018. Hapa Afrika, Lesotho ilianza kutoa leseni za kuilima kwa ajili ya dawa mwaka 2017, na mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima asiadhibiwe kwa kuitumia mahali pake pa faragha.

Kwetu Kenya nako mjadala umefika mbali. Mwaka 2018 marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alimwandikia Spika akitaka asaidiwe kutayarisha mswada wa kuondoa adhabu hizo. Alikuwa mgonjwa wa kansa, na alifariki Julai 2019 kabla ya jambo hilo kuendelea. Katika uchaguzi wa 2022, George Wajackoyah aliahidi kwamba bangi italipa madeni ya taifa. Watu walicheka, walicheza, walimpigia makofi, lakini hakupata hata kura moja katika kila mia. Basi sheria ya mwaka 1994 ingali inaikataza. Marekebisho ya mwaka 2022 yalipunguza adhabu ya anayepatikana na bangi ya kutumia mwenyewe, kutoka kifungo cha miaka 10 hadi kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 100,000. Mwuzaji adhabu yake ni kali zaidi.

Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Nchi hizo hazikusema kwamba bangi haina madhara. Mahakama ile ya Afrika Kusini ilikuwa ikipima haki ya mtu ya faragha nyumbani mwake. Canada iliweka umri wa chini, na ilisema wazi kwamba inataka kuwanyang'anya wahalifu biashara hiyo na kuwakinga vijana. Thailand iliiachilia mwaka 2022, na mwaka 2025 ikarudi nyuma, ikitaka mnunuzi awe na cheti cha daktari. Swali la kwanza ni kama kitu kinadhuru. Swali la pili ni kama anayekitumia atiwe gerezani. Maswali haya ni mawili, na mtu akijibu la pili hajajibu la kwanza. Sigara inauzwa katika kila kioski, na hakuna daktari atakayekuambia ni salama.

Je, ni dawa? Ndani ya bangi mna vitu vingi, lakini viwili ndivyo vinavyotajwa zaidi. Kimoja huitwa kwa kifupi THC, nacho ndicho kinacholevya. Kingine ni CBD, ambacho hakilevyi. Mwaka 2018 serikali ya Marekani ilikubali dawa ya maji iliyotengenezwa kwa CBD, wapewe watoto wenye aina fulani za kifafa kikali ambacho dawa nyingine zilishindwa kukituliza. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa nchi hiyo, baada ya kupitia maelfu ya maandiko ya uchunguzi, lilikubali kwamba dawa za jamii hii huwasaidia watu wazima wenye maumivu ya muda mrefu, na wagonjwa wa kansa wanaotapika kwa sababu ya matibabu. Mwaka 2020 tume ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi katika orodha ya dawa za kulevya zilizo hatari zaidi, kwa kura 27 dhidi ya 25. Haikuiondolea ulinzi wote. Bado imo katika orodha ya vitu vinavyosimamiwa kwa ukali.

Basi dawa imo. Lakini hata mofini, ambayo hospitali zetu huwapa wagonjwa wa kansa ili walale usiku, hutoka katika afyuni, na sijamsikia mtu akisema kwa sababu hiyo tuvute afyuni chini ya mwembe. Daktari hupima kiasi na humtazama mgonjwa. Msokoto unaouzwa kichochoroni hakuna aliyeupima.

Sasa juu ya madhara nitasema kweli yote, hata ile isiyonipendeza mimi mhubiri. Ni vigumu sana mtu kufa kwa kuvuta bangi nyingi kwa mara moja. Pombe huua watu wengi zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6. Wengi wanaovuta bangi hawarukwi na akili. Kijana yule wa zamani alikuwa akiniambia kweli.

Hata hivyo kuna kweli nyingine. Huko Sweden vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini walifuatiliwa kwa miaka 15, na matokeo yakatangazwa mwaka 1987. Wale waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuona maadui pasipo na maadui, mara sita kuliko wale wasiovuta. Uchunguzi mwingine wa miji ya Ulaya na Brazil, uliotolewa mwaka 2019, uliona kwamba wanaovuta kila siku bangi yenye nguvu huwa katika hatari ya kurukwa na akili karibu mara tano. Wataalamu wangali wanabishana ni kiasi gani cha hatari hiyo kinaletwa na bangi yenyewe. Lakini wanapatana katika hili, kwamba ubongo wa kijana unaendelea kukua mpaka karibu miaka 25, na kwamba hatari ni kubwa kwa anayeanza mapema na kwa yule ambaye ndugu zake wa damu wamewahi kuugua akili. Na bangi ya leo si ya enzi za babu. Huko Marekani ile iliyokamatwa miaka ya katikati ya 1990 ilikuwa na THC kama asilimia 4. Siku hizi hupita asilimia 12.

Tena kuna utumwa. Inakadiriwa kwamba katika kila watu 10 wanaoionja, mmoja hushindwa kuiacha. Miongoni mwa walioanza wakiwa vijana, ni mmoja katika kila 6. Uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Wakenya zaidi ya 500,000 wanaitumia, kwa hiyo tusijidanganye kwamba hawamo katika viti vyetu vya kanisa.

Jumatano ikafika. Mama alikuja na mwanawe, naye kijana alikuja amejitayarisha. Alinifungulia Mwanzo sura ya 1, mstari wa 29, mahali ambapo Mungu anampa mwanadamu kila mche utoao mbegu. Ndugu zetu Warasta nao hushika neno hilo kwa moyo wote. Mahakama Kuu iliitambua imani yao mwaka 2019, na mwaka 2021 walipeleka ombi mahakamani waruhusiwe kutumia bangi katika ibada. Mimi siwacheki. Nilimwuliza tu kijana, "Mbarika ule ulio kwenye ua wenu, nao hutoa mbegu?" Akasema ndiyo. Nikamwuliza kama angezila. Akatabasamu, kwa maana kila mtoto wa kijijini anajua kwamba mbegu za mbarika zina sumu, ijapokuwa mafuta yake nyanya zetu walitunywesha kwa kijiko tulipofunga choo.

Kisha nikamweleza yote niliyowaeleza ninyi, sikuficha lolote. Nilipofika pale pa ndugu wa damu, mama akainamisha kichwa. Akasema, "Mjomba wako hakurogwa. Aliugua akili. Alilazwa Mathari mara mbili." Kijana alimtazama mamaye kwa muda mrefu. Miaka yote alikuwa ameambiwa kwamba mjomba alirogwa na majirani kwa ajili ya shamba. Akauliza, "Alikuwa na miaka mingapi?" Mama akasema, "Kumi na tisa."

Mtaniuliza juu ya gereza. Wakristo hawapatani katika hilo, nami nasema langu. Sitaki kuona bangi ikiuzwa kituo cha matatu. Lakini sijaona kijana aliyetolewa gerezani akiwa mzima zaidi ya alivyoingia, na nimeona kwamba wanaoingia ni vijana wa mitaa ya mabanda, si wale wavutao ndani ya magari ya baba zao. Siku ile sikumpeleka kwa chifu. Nilimpeleka kwa daktari, na mama akaenda naye. Wewe uliye na shida ya namna hii nyumbani unaweza kuwapigia NACADA simu bila malipo kwa nambari 1192.

Je, kijana aliacha? Aliniambia ameacha. Mwezi wa pili alikuja mwenyewe, jioni, akaniambia amevuta tena mara moja, na kwamba hajamwambia mama. Tukakaa, tukanywa chai, akanisimulia ilivyokuwa.