Namba Iliyo Chini ya Ndoo

Geuza ndoo au bakuli la plastiki, na mara nyingi utaona pembetatu ndogo yenye namba. Watumiaji wengi huidhania kuwa alama ya ubora. Sivyo: namba hiyo hutaja aina ya plastiki tu. Ndoo ya rangi ya nyumba na ndoo ya asali zaweza kubeba namba 2 ile ile.

Plastiki nyingi za nyumbani huanzia kwenye ethilini, gesi itokanayo na petroli au gesi asilia. Molekuli yake ina atomi 2 za kaboni zilizoshikana kwa vifungo viwili. Kiwandani, kichocheo hufungua kifungo kimojawapo. Kaboni iliyoachwa huru huishika molekuli ya jirani, nayo huishika inayofuata, hata maelfu yakawa mnyororo mmoja. Hakuna kinachotupwa njiani, molekuli huongezwa tu juu ya molekuli, na zao lake ni polithini. Minyororo yenye matawi mengi hailali pamoja vizuri, hivyo hutoa mfuko laini (namba 4). Iliyonyooka hubanana ikatoa jerikeni ngumu (namba 2).

Sasa ondoa haidrojeni moja ya ethilini, uweke kitu kingine mahali pake. Ukiweka klorini, utapata PVC ya mabomba, namba 3. Ukiweka pete ya kaboni 6, utapata polistirini, namba 6, ya vikombe vyeupe vyepesi. Kaboni moja yenye haidrojeni zake 3 huzaa polipropilini, namba 5, ambayo haiyeyuki mpaka karibu nyuzi 160 za Selsiasi; ndiyo sababu hutumika sana kwa vyombo vya chakula cha moto.

Polithini laini huyeyuka kwenye nyuzi 105 hadi 115, na hulegea kabla ya hapo. Mafuta ya kukaangia hufika 170 na zaidi. Chipsi zilizotoka karaini hazistahili kumiminwa katika mfuko huo, hata muuzaji akisema ni mpya.

Mnyororo wenyewe ni mkubwa mno kupenya kwenye chakula. Kinachohama ni vitu vidogo vilivyobaki ndani yake, kama rangi, vilainishi na molekuli ambazo hazikuungana. Joto na mafuta huviharakisha. Stirini, kwa mfano, hutoka kwa urahisi zaidi kikombe cha polistirini kinapotiwa kinywaji cha moto. PVC ikichomwa, jambo linaloweza kutokea mtu anapowashia mkaa kwa vipande vya plastiki, hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo hugeuka asidi ikikutana na unyevu wa macho na koo.

Kwa chombo cha chakula, tafuta alama ya glasi na uma. Ndoo iliyokuwa na rangi au dawa ya shambani isitiwe maji ya kunywa, hata ikisuguliwa ikang'aa, kwa kuwa plastiki hunyonya sehemu ya kilichokuwamo na kuiachia polepole.