Kereng'ende Hubeba Maji Yake Ndani ya Mafuta

Desemba na Januari, kaskazi ikiwa imeshika na mvua zimeanza Palma na Mocímboa da Praia, kereng'ende wa manjano huzunguka juu ya madimbwi. Wataalamu humwita Pantala flavescens. Mwaka 2009 mtafiti Charles Anderson alitoa hoja kwamba wadudu hawa huvuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika Mashariki, wakipitia Maldivi kila Oktoba. Ni zaidi ya kilomita 3,000 juu ya maji ya chumvi, kwa mdudu asiyefika nusu gramu. Mtu wa pwani atauliza kwanza: njiani anakunywa nini? Kwa maoni yangu, kiu si hatari yake kubwa, kwa kuwa maji yake amekwisha kuyapakia.

Mafuta ya mwili yanapounguzwa kwenye misuli ya mbawa, haidrojeni iliyomo huungana na oksijeni ya hewa, ikawa maji. Gramu 1 ya mafuta hutoa maji yanayozidi gramu 1 kidogo. Wanga hutoa kama nusu yake. Akiba inayomrusha ndiyo hiyohiyo inayomnywesha. Lakini oksijeni huingilia vitundu vya ubavuni, na vikiwa wazi mvuke nao hutoka. Je, hakauki kadiri anavyopiga mbawa? Pingamizi hili ni zito, na jangwani lingeshinda: nzige arukaye katika hewa kavu ya joto hupoteza maji mengi kuliko anayotengeneza. Hewa ya bahari, hata hivyo, ina unyevu mwingi, na huko juu kuna ubaridi. Tena mbawa zake za nyuma ni pana sana penye shina; huzitandaza kama tanga akaelea na upepo, misuli ikapumzika, na haja ya pumzi ikapungua. Ngozi yake ina nta, na mwisho wa utumbo hufyonza maji ya kinyesi kabla hakijatoka.

Wapo wasemao hakuna aliyemfuata kereng'ende mmoja hadi ng'ambo. Ni kweli. Ila Maldivi haina mito, na utafiti wa mwaka 2012 ulisoma katika mbawa za waliokamatwa huko alama ya maji walimokulia: yalikuwa ya kaskazini mwa India au mbali zaidi. Basi kinachomkwamisha kereng'ende si kiu, ni mafuta kwisha au upepo kugeuka. Akifika kwetu, hutafuta dimbwi la mvua la kutagia, ambamo watoto wake hula viluwiluwi vya mbu na kukomaa kwa wiki 6 hivi, kabla jua halijalikausha.