Je, Wajua? Gari la mbao na Pijo za Ukambani

Hebu sogea hapa kidogo. Wajua kwamba gari la familia liliwahi kutengenezwa kwa mbao? Si mapambo: mbao hasa, za kupigwa randa na kupakwa vanishi kama kabati la mama. Ford walianza kuuza stesheni wagoni ya namna hiyo mwaka 1929. Madirisha ya pembeni hayakuwa na vioo, yalikuwa na mapazia ya turubai. Mvua ikinyesha, shauri yako!

Mbao zilitoka wapi? Henry Ford hakwenda dukani. Alinunua msitu wa zaidi ya ekari 300,000 katika jimbo la Michigan, akajenga na kiwanda cha kupasua mbao mahali paitwapo Iron Mountain.

Wewe wa Kitui, hapa ndipo utacheka. Vipande vilivyobaki kwenye randa na msumeno Ford hakuvitupa: alivichoma makaa, akayasaga, akayagandanisha vidongevidonge na kuyauza. Makaa hayo yanauzwa Marekani mpaka leo kwa jina la Kingsford. Huku kwetu, mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa. Ford angehamia wapi?

Stesheni wagoni ya mwisho ya mbao halisi kutoka kiwanda kikubwa cha Marekani ilikuwa Buick ya 1953. Zilizofuata zilikuwa chuma kilichobandikwa karatasi ya plastiki yenye michirizi ya mti. Udanganyifu huo ulipendwa hadi miaka ya 1990! Ukiuziwa "gari la mbao" la miaka ya 1970, gongagonga kwanza.

Waingereza nao? Morris Minor Traveller ilitengenezwa kuanzia 1953 hadi 1971, na fremu yake ya nyuma ilikuwa mti mtupu. Ule mti haukuwa urembo, ndio uliobeba bodi. Ukioza, gari lingeweza kukataliwa kwenye ukaguzi kwa kosa la kuoza mbao. Umewahi kusikia gari likitiwa dawa ya mchwa?

Na mchwa wa Kitui tunawajua. Lakini wajua kuna mti wa huko huko ambao mchwa hawauwezi kirahisi? Ni mukau. Unastahimili ukame, na watafiti wa misitu wa KEFRI pale Kitui, wakisaidiwa na Wajapani, wamekuwa wakizalisha mbegu zake bora. Mimi ningekuwa na Traveller iliyooza, ningempelekea fundi seremala mukau, wala nisingeagiza mbao Ulaya.

Haya, tuache mbao tuje kwenye chuma chetu. Stesheni wagoni iliyoijua barabara ya Ukambani ni Pijo, yaani Peugeot. Mwone huyo, ameshatabasamu!

Wajua Peugeot walisaga kahawa kabla ya kuunda magari? Kinu chao cha kahawa ni cha 1840, na cha pilipili manga ni cha 1874. Yule simba unayemwona mbele ya gari alianzia kwenye zana zao za chuma: alikuwa nembo ya misumeno. Mbao hatujaziacha kumbe.

Na ile sifuri ya katikati, 404, 504? Peugeot waliishikilia kama mali yao. Mwaka 1964 Porsche walileta gari walilolipa jina 901. Peugeot wakang'aka, Porsche wakabadilisha, na ndiyo hiyo 911 unayoisikia duniani kote. Mabilionea wanaendesha jina lililofinyangwa na wenye Pijo!

Mbio za Safari Rally je? Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mara nne! Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, yakamaliza 7 tu. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania.

Chungulia chini ya 504 ya familia. Nyuma utahesabu springi nne, mbili kila upande. Ndani kuna safu tatu za viti, na abiria wote wanatazama mbele, tofauti na wagoni nyingi za Marekani ambamo watoto wa nyuma walitazama walikotoka. Ongeza keria juu ya paa, funga maembe na mbuzi, halafu uniambie kama kuna gari lililoundwa kwa ajili ya Makueni kuliko hili.

Tena safari ya familia kwenda Mombasa hupita Makueni kwa urefu: Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei. Pale Makindu lipo hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, na msafiri yeyote hula bure. Ndiyo, bure. Vua viatu, funika kichwa, uketi.

Upande wa pili, Kitui ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda. Kilomita za mraba 30,000 na ushei! Ukisikia mtu amezeesha Pijo bila kutoka kaunti moja, usimwite mwongo.

Wajua 504 iliundwa hapa hapa Kenya? Ziliunganishwa Mombasa, kama 27,000 hivi. Ufaransa waliacha kutengeneza 504 ya saluni na ya familia 1983, sisi tukaendelea hadi 2004. Na 404? Wafaransa waliifunga ya saluni 1975, lakini ya pikapu iliunganishwa Kenya mpaka 1991. Mwaka huo huo wa 2004, mwezi Februari, ndipo sheria za waziri wa uchukuzi Michuki zilipoanza kudai mkanda kwa kila abiria wa matatu. Wale waliozoea kupakatana safu ya nyuma ya Pijo wanakumbuka vizuri.

Basi ukiiona Pijo moja mjini Wote au Mwingi imeandikwa "INAUZWA", tazama namba kwanza. Kama hakuna herufi mwishoni, ni herufi tatu na tarakimu tu, gari hilo lilisajiliwa kabla ya miaka ya 1990. Kisha inama, angalia kutu kwenye sakafu, omba kitabu cha gari, na ulinganishe namba ya chasisi kwa macho yako mwenyewe. Usiahirishe sana lakini: hata ile 504 changa kuliko zote nchini imeshapita miaka 20.