KUKOSEKANA AU KUUAWA? UTUMISHI WA KIKOSI CHA TANO CHA WAPANDAFARASI WEUSI CHA MAREKANI, 1864–1866

Ikisiri

Makala haya yanaeleza utumishi wa Kikosi cha Tano cha Wapandafarasi Weusi cha Marekani, kilichoundwa katika jimbo la Kentucky mwaka 1864. Tunadai kwamba historia ya kikosi hiki haiwezi kueleweka kwa kusoma orodha za hasara peke yake, kwa kuwa neno moja katika orodha hizo linafunika yale yaliyowapata askari majeruhi baada ya mapigano ya Saltville.

1.0 Utangulizi

Vita vilivyopiganwa Marekani kati ya mwaka 1861 na 1865 tunaviita kwa Kiswahili vita vya wenyewe kwa wenyewe. Istilahi hii inafaa, lakini kwa upande wa Kentucky inazusha swali: ni nani hasa aliyekuwa mwenyewe? Jimbo hilo lilibaki upande wa serikali ya Muungano na wakati huohuo likadumisha utumwa. Tangazo la Rais Abraham Lincoln la tarehe 1 Januari 1863 liliwahusu watumwa wa sehemu zilizoasi, halikuigusa Kentucky. Mtumwa wa huko alikuwa bado na mwenyewe. Sheria ya Februari 1864 iliahidi kumlipa mwenyewe huyo, iwapo alikuwa mtiifu kwa serikali, hadi dola 300 kwa kila mtumwa aliyeandikishwa jeshini. Mtumwa naye alipata uhuru wake kwa kuandikishwa.

Kituo kikuu cha uandikishaji kilikuwa Camp Nelson, ambako zaidi ya askari Weusi 10,000 walipokewa na kufunzwa. Miongoni mwao ndimo walimotoka wapandafarasi tunaowazungumzia. Katika makala haya neno "kikosi" linatumika kwa maana ya rejimenti, yaani jumla ya kombania kadhaa zilizo chini ya kanali mmoja.

2.0 Safari ya Saltville

Kumbukumbu rasmi zinaonyesha kwamba kikosi kiliundwa tarehe 24 Oktoba 1864. Hata hivyo, pigano lake kubwa lilikuwa limekwisha kupiganwa tarehe 2 Oktoba. Kwa maneno mengine, askari hawa walipelekwa vitani kabla kikosi chao hakijakamilika kisheria. Jambo hili si dogo, kwani ndiyo sababu mojawapo ya orodha zao kuwa na mapengo.

Saltville ni mji mdogo kusini-magharibi mwa Virginia. Viwanda vyake vya chumvi vililitegemeza Shirikisho la majimbo ya Kusini, kwani bila chumvi nyama ya kulisha majeshi isingeweza kuhifadhiwa. Jenerali Stephen G. Burbridge aliongoza askari wapatao 5,000 kwenda kuviharibu. Wapandafarasi Weusi 600 walifuatana naye. Walipewa farasi wasiofunzwa na bunduki ndefu aina ya Enfield, ambazo hushindiliwa baruti na risasi mdomoni kama gobore. Mtu aliye juu ya farasi hawezi kuishindilia bunduki ya namna hiyo kwa urahisi. Hivyo walilazimika kupigana kwa miguu.

Kanali James S. Brisbin, aliyeandika taarifa ya safari hiyo, anaeleza kwamba njiani askari hawa walidhihakiwa na askari Weupe wa upande wao wenyewe. Walivuliwa kofia na kuibiwa farasi, wala hawakujibu. Siku ya vita walipanda mlima mkali, wakawafukuza adui kutoka katika maboma ya magogo na mawe, wakayashikilia kwa saa mbili hivi hadi walipoamriwa kurudi kwa sababu risasi zilikuwa zimekwisha. Kwa hesabu ya Brisbin, kati ya askari 400 walioingia katika pigano, 114 pamoja na maafisa wanne waliuawa au kujeruhiwa. Katika safari ya kurudi, wale waliokuwa wakiwadhihaki walinyamaza.

3.0 Neno "kukosekana"

Burbridge alirudi nyuma usiku, akawaacha majeruhi wengi uwanjani. Brisbin anasema baadhi ya askari Weusi waliojeruhiwa vibaya, mmoja wao akiwa amepoteza mkono, walichagua kupanda farasi kuliko kuachwa nyuma. Asubuhi ya tarehe 3 Oktoba ilionyesha kwamba hofu yao ilikuwa na msingi. George Mosgrove, askari wa Kusini, aliandika baadaye jinsi alivyosikia milio ya risasi katika ukungu na kukuta wenzake wakiwaua majeruhi Weusi. Daktari William Gardner wa jeshi la Muungano, aliyebaki na wagonjwa, alitoa taarifa kwamba watu wenye silaha waliingia hospitalini wakawapiga risasi Weusi watano, na kwamba siku chache baadaye waliuawa wengine wawili.

Tukiacha ushahidi huu na kushika orodha za kijeshi, tunakuta safu tatu: waliouawa, waliojeruhiwa na waliokosekana. Hapa uchambuzi wa kisarufi una msaada. Kitenzi "-uawa" ni cha kutendwa, kinaruhusu, na hata kinadai, swali "na nani?" Kitenzi "-kosekana" ni cha hali. Tunaweza kusema "aliuawa na adui", lakini sentensi "*alikosekana na adui" haikubaliki ikiwa adui ndiye mtenda. Mwandishi wa orodha anapomhamisha askari kutoka safu ya kwanza hadi ya tatu, anamwondoa pia mtenda.

Haimaanishi kwamba mwandishi huyo alikuwa mwongo. Aliandika alichokijua: jina liliitwa na hakuna aliyeitika. Wapo waliokosekana ambao walikuwa wametekwa, na wapo waliorejea vikosini baadaye. Ndiyo maana makadirio ya wanahistoria kuhusu idadi ya waliouawa baada ya pigano yanatofautiana sana, kuanzia watu wasiofikia 12 hadi karibu 50. Tofauti hiyo inategemea sana namna kila mtafiti anavyoifasiri safu ya tatu.

4.0 Baada ya Saltville

Mnamo Desemba 1864 kikosi kilirudi Virginia chini ya Jenerali George Stoneman, na safari hii viwanda vya chumvi viliharibiwa. Tarehe 25 Januari 1865, askari wapatao 80 wa Kombania E walikuwa wakiswaga ng'ombe karibu 900 kuelekea Louisville waliposhambuliwa na wapiganaji wa msituni karibu na Simpsonville. Wapatao 22 waliuawa. Kikosi kilivunjwa Machi 1866 huko Helena, Arkansas.

Champ Ferguson, aliyeshtakiwa kwa mauaji mengi yakiwemo ya Saltville, alinyongwa Nashville tarehe 20 Oktoba 1865. Jenerali Felix Robertson, ambaye askari wa brigedi yake walitajwa katika mauaji hayo, hakufikishwa mahakamani. Alifariki mwaka 1928. Kentucky nayo iliyakataa Marekebisho ya Kumi na Tatu ya Katiba yaliyofuta utumwa, na haikuyaidhinisha hadi mwaka 1976.

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba kikosi hiki kilipigana kabla ya kuundwa rasmi, kikiwa na silaha zisizofaa, na kwamba hasara yake haiwezi kujulikana kwa kujumlisha tarakimu tu. Mtafiti anayetumia kumbukumbu za vita, ziwe za Virginia au za kwetu, hana budi kuvichunguza vitenzi vyake kwa makini kama anavyozichunguza tarakimu. Pale kitenzi kisipomtaja mtenda, kazi ya kumtafuta humwangukia msomaji.